Kwa nini kiumbe wa Frankenstein aligeuka muuaji? Ubongo wa mhalifu haumo kitabuni

Kwa miaka mingi mi nilikua najua Frankenstein ni lile jitu la vyuma viwili shingoni, haliongei, linanguruma tu, na linaua kwa sababu kichwani waliliwekea ubongo wa mhalifu. Ungeniuliza kwa nini linaua ningekujibu hivyohivyo bila kusita, na ningekua nimekosea karibu kila neno, maana yote niliyojua yametoka kwenye muvi ya 1931 aliyocheza Boris Karloff, sio kwenye kitabu alichoandika Mary Shelley.

Tuanze na jina. Frankenstein ni aliyemtengeneza, Victor Frankenstein, na wala hakua daktari, alikua mwanafunzi tu wa chuo kule Ingolstadt, Ujerumani. Kiumbe mwenyewe hana jina mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1823 walipoigiza stori hii jukwaani London, kwenye orodha ya waigizaji pale panapokaa jina la mhusika waliweka kistari kitupu, na Mary Shelley alienda kuangalia akakipenda kweli kile kistari. Mtoto hata hajatolewa nje ameshapewa jina, huyu anaingia duniani na kutoka bila hata hilo.

Ubongo wa mhalifu nao haumo. Victor anakusanya mifupa makaburini, viungo vingine anatoa chumba cha kupasulia maiti na machinjioni, na kiumbe anakua mrefu futi 8 kwa sababu viungo vidogovidogo vilikua vinamchelewesha kazi, basi. Radi ya kumwamsha haimo pia, Victor anagoma kabisa kusema alimtiaje uhai. Lakini lililonishangaza kuliko yote ni kwamba kiumbe anaongea, tena kwa ufasaha ambao mi naona hakuna binadamu mule ndani anayemfikia, sura kadhaa mfululizo ni yeye anahadithia maisha yake. Kumfanya bubu kulianzia kwenye ule mchezo wa 1823, na nahisi ndo hapo pa kuangalia, maana ukishamnyima mdomo hawezi tena kukueleza kwa nini ameua, inabidi umtafutie sababu kichwani mwake.

Sasa sababu aliyoitoa mwenyewe.

Usiku wa Novemba kiumbe anafumbua jicho, Victor anaona ile sura, ngozi ya njano na midomo myeusi, anakimbilia chumbani kwake kulala. Anashtuka usingizini, kiumbe ameinua pazia la kitanda anamwangalia, anatabasamu, anatoa sauti zisizoeleweka, na mkono mmoja ameunyoosha kwake. Ndivyo mtoto mchanga anavyofanya. Victor anatoka mbio, anakesha uani.

Kiumbe anaingia porini, anaishi kwa matunda, kijiji cha kwanza kufika anapigwa mawe, mwisho anajificha kwenye kibanda kilichogusana na nyumba ya familia ya De Lacey. Kama umewahi kupanga chumba kwenye nyumba ambayo ukuta haufiki juu utaelewa kirahisi. Unajua jirani amekula nini, nani anakohoa, nani ana deni, unaanza kuwahurumia kama ndugu zako na wao hata sura yako hawaijui. Ndo maisha yake kwa miezi. Alikua anawaibia chakula, alipogundua ni masikini akaacha, usiku akawa anawakatia kuni na kuwaondolea theluji mlangoni, wao wakadhani ni roho njema. Lugha aliipatia hukohuko, Felix, mtoto wa kiume wa mzee De Lacey, alipokua anamfundisha Safie, binti wa Mturuki, kiumbe naye yuko nyuma ya ukuta anafuatisha.

Anachagua siku ambayo mzee peke yake yupo ndani, na mzee ni kipofu. Anagonga, mzee anauliza nani, kisha anamwambia ingia. Yaani hodi ikajibiwa karibu, na aliyeijibu ni mtu asiyeona sura. Felix anarudi, anamkuta amepiga magoti kwa baba yake, anamshushia fimbo. Kiumbe anasema angeweza kumrarua kama simba anavyorarua swala, akajizuia, akatoka. Familia ikahama, yeye akaichoma ile nyumba. Baadae anamuokoa msichana aliyekua anazama mtoni, anapigwa risasi.

Hapo hasira inapata anwani. Ni kama mkopo, wakopaji wakikukimbia unamfuata mdhamini, na mdhamini wake ni Victor, yeye ndo alimleta halafu akamkimbia. Ila hamuui Victor! Anaua wanaompenda Victor: mdogo wake William, rafiki yake Clerval, mke wake Elizabeth usiku wa harusi, hawa wawili wa mwisho baada ya Victor kumwahidi kiumbe mwenzi wa kike kisha kumvunjavunja huyo mwenzi mbele ya macho ya kiumbe kule visiwa vya Orkney, Scotland. Anataka Victor abaki duniani bila mtu, kama yeye.

Tuwe waangalifu lakini, utetezi huu wa "nilikua mwema, mateso yameniharibu" ni wa mshtakiwa mwenyewe, na unatufikia kwa kupokezana, kiumbe kamwambia Victor, Victor kamwambia nahodha Walton, Walton kamwandikia dada yake. Na alipomuua William alimtoa picha aliyokua nayo akaichomeka kwenye nguo ya Justine, mtumishi wa familia ya Victor, ili yeye aonekane muuaji, dada wa watu akanyongwa bila kosa, ile sio hasira ya ghafla, alitumia akili. Victor mwenyewe anamuonya Walton kwamba kiumbe ana maneno matamu, asimwamini.

Walton anakuja kumuona kwa macho yake, melini, kwenye barafu za kaskazini, Victor ameshakata roho. Kiumbe ameinama juu ya maiti, nywele ndefu zimemfunika uso, na mkono mmoja mkubwa ameunyoosha.