Mgombea mwenyeji na mgombea wa kuja: yanayosemwa Minnesota na ukweli wake

Msimu wa kampeni ukifika Minnesota, swali la kwanza tunaloulizana Waswahili wa huku kuhusu mgombea wa bunge la jimbo huwa lile lile: "Kwani huyu ni wa hapa?" Swali si baya. Shida iko kwenye majibu, maana mengi ama tumekuja nayo kutoka nyumbani ama tumeyaokota kwenye vipeperushi. Na kwa kuwa mwaka 2026 viti vyote 201 vya bunge hilo vinagombewa, 134 vya Baraza la Wawakilishi na 67 vya Seneti, nimeona niyapitie yale ninayoyasikia zaidi. Ninaposema jimbo nina maana ya Minnesota nzima. Kipande anachowakilisha mtu mmoja nitakiita eneo bunge.

"Mgombea anaweza kutoka popote, mradi chama kimempitisha"

Hii tumetoka nayo nyumbani. Katiba ya Kenya inamtaka mgombea ubunge awe mpiga kura aliyeandikishwa, lakini haisemi aandikishwe wapi. Tanzania nako mtu anaishi Dar es Salaam, anagombea kule alikozaliwa, na hakuna sheria inayomzuia. Hata Bunge la Washington, ambalo ndilo tunaloliona kwenye televisheni, linamtaka mwakilishi awe mkazi wa jimbo tu. Si lazima alale ndani ya eneo bunge lake.

Bunge la jimbo lina masharti mengine. Katiba ya Minnesota inataka mgombea awe na sifa za kupiga kura, awe na umri wa miaka 21, awe ameishi Minnesota kwa mwaka mmoja, na ndani ya eneo bunge lake kwa miezi 6 inayotangulia siku ya uchaguzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Minnesota jembe linakabidhiwa baada ya miezi 6. Uchaguzi ukiwa tarehe 3 Novemba 2026, mgombea anapaswa awe ameshahamia mwanzoni mwa Mei. Zaidi ya hapo sheria haimuulizi alikulia wapi wala babu yake alizikwa wapi.

"Sharti la makazi ni la kwenye karatasi, akishashinda nani atamtoa?"

Wanaosema hivi hawajasikia ya Roseville, na hapa nitakaa kidogo.

Novemba 2024, katika eneo bunge la 40B, Curtis Johnson wa chama cha DFL, ambacho ndicho Democrat ya Minnesota, alimshinda Mrepublican Paul Wikstrom kwa tofauti ya takriban asilimia 30. Johnson hakuwa mtu wa kuokotwa. Alikuwa kwenye bodi ya shule za Roseville na watu walimjua. Nyumba ya familia yake, hata hivyo, ilikuwa Little Canada, mji wa jirani kabisa lakini ng'ambo ya mpaka wa eneo bunge. Kwa ajili ya kugombea alipanga chumba Roseville. Upande wa Wikstrom ukakichunga chumba kile, ukaona mwenyewe haishi pale, ukaenda mahakamani. Desemba 2024 Jaji Leonardo Castro wa Kaunti ya Ramsey akaamua kwamba Johnson hakuwa ameishi ndani ya eneo bunge kwa muda unaotakiwa, kwa hiyo hana sifa ya kukalia kiti hicho. Kura zote zile hazikumsaidia. Johnson hakukata rufaa.

Sasa tazama kilichofuata. Uchaguzi ule ulikuwa umeligawa Baraza la Wawakilishi sawasawa, 67 kwa 67. Kiti kimoja kilipobaki wazi, Warepublican wakawa 67 kwa 66. Bunge lilipofunguliwa tarehe 14 Januari 2025, wajumbe wa DFL wakagoma kuingia ili akidi isitimie. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua mambo mawili ndani ya mwezi huo: kwamba gavana alikuwa ametangaza uchaguzi mdogo mapema kuliko sheria inavyoruhusu, na kwamba akidi ni wajumbe 68, yaani Warepublican peke yao hawawezi kuendesha kikao. Suluhu ya kugawana madaraka ilipatikana mwanzoni mwa Februari. Tarehe 11 Machi watu wa 40B walirudi kupiga kura, na David Gottfried, wa chama kile kile cha Johnson, akashinda na kurudisha ile 67 kwa 67.

Yaani Baraza la Wawakilishi la jimbo lenye watu zaidi ya milioni 5 lilikwama wiki tatu kwa sababu ya chumba cha kupanga. Na aliyekipanga hakuwa mgeni kwa maana yoyote ya kawaida. Mtaani angeitwa mwenyeji bila ubishi. Sheria haikupima ujirani wala kujulikana kwake. Ilipima mahali anapolala.

Kwenye hili vyama vyote vimewahi kuumia. Mwaka 2016 Bob Barrett, Mrepublican ambaye tayari alikuwa mjumbe wa eneo la 32B, alionekana hakuwa akiishi kwenye nyumba aliyosema anaishi. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake Septemba, siku zikiwa zimebaki chache mno kuweka mgombea mwingine. Kinyang'anyiro cha kiti kile kikasogezwa hadi tarehe 14 Februari 2017. Kwa hiyo kumwona mtu tayari yumo bungeni si hakikisho kwamba suala la makazi lilishamalizwa.

"Anayeficha anwani yake ana jambo"

Fomu ya kugombea ina mahali pa kuandika anwani ya nyumbani, na pia kisanduku cha kuomba anwani hiyo isitangazwe. Kukiweka alama ni halali. Baada ya tarehe 14 Juni 2025, Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wa Baraza, alipouawa yeye na mumewe nyumbani kwao hapa Brooklyn Park, sidhani kuna mwenye haki ya kumlaumu mgombea kwa kulinda mlango wake. Mwenye shaka ya kweli kuhusu makazi ya mtu ana njia ya kisheria ya kudai yathibitishwe. Kupiga picha gari la mtu na kuirusha kwenye grupu si mojawapo.

"Mwenyeji ni aliyezaliwa hapa"

Agosti 2016, katika eneo bunge la 60B la Minneapolis, lenye Chuo Kikuu cha Minnesota na mtaa wa Cedar-Riverside, mchujo wa DFL uliwakutanisha watu watatu. Wa kwanza alikuwa Phyllis Kahn, aliyekalia kiti kile tangu 1973. Wa pili Mohamud Noor, na wa tatu Ilhan Omar, mzaliwa wa Mogadishu aliyeishi kambi ya wakimbizi nchini Kenya na kufika Marekani mwaka 1995. Omar akashinda, na habari zikaandikwa kama hadithi ya mgeni kumng'oa mwenyeji.

Lakini Kahn mwenyewe alizaliwa Brooklyn, New York. Alikuwa mwanasayansi aliyefika Minnesota ukubwani. Miaka 44 ya kuchaguliwa ndiyo iliyomfanya aonekane kama amechipukia pale pale. Ukichimba hivyo kwa wabunge wengi wa mijini utakuta tofauti kati ya mwenyeji na wa kuja ni nani alitangulia kufika.

Na ndiyo, raia aliyezaliwa nje anaruhusiwa kugombea. Sharti la kuwa raia wa kuzaliwa ni la rais na makamu wake. Mwenye kadi ya kijani, hata akiwa amekaa miaka 30, hawezi kugombea wala kupiga kura hadi apate uraia.

"Mtu wetu hawezi kuwa wa kuja"

Hili ndilo linalotugusa wenyewe, na ndilo tunaloepuka kulisema. Kwetu Mkenya au Mtanzania anayegombea huwa mwenyeji papo hapo, hata kama amehamia eneo bunge lile kwa ajili ya kampeni. Halafu mgombea wa kabila la watu wengine anayefanya vivyo hivyo tunamwita mamluki.

Tukumbuke hesabu. Eneo bunge moja la Wawakilishi lina watu kama 42,000 na ushei. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alipochaguliwa Novemba 2024 katika eneo la 38A, linalochukua sehemu ya Brooklyn Park, hakubebwa na Wakenya peke yao. Hatufiki idadi hiyo. Na ile 60B ya 2016 ilikuwa na wagombea wawili wenye asili ya Kisomali kwenye mchujo mmoja, kwa hiyo "mtu wetu" halikuwa jibu hata kwa mpiga kura Msomali. Ilimbidi naye aulize lingine.

Mimi naona swali lenye faida zaidi ni hili: kabla ya kuomba kura, alikuwa akihudhuria nini? Mikutano ya halmashauri ya mji, bodi ya shule, kamati ya mipango miji, chama cha wafanyakazi. Vikao hivi huwa wazi kwa umma na mihtasari yake hupatikana. Wengi wetu tunafanya kazi za uuguzi na kutunza wazee, na bunge hili la jimbo ndilo lililounda mwaka 2023 bodi ya kuweka viwango vya mishahara na kazi kwenye nyumba za wazee. Mgombea akibisha hodi, mwulize kuhusu bodi hiyo. Aliyezaliwa mtaa wa pili anaweza kukodoa macho; aliyehamia mwaka jana akitokea kazi hiyo hiyo anaweza kukueleza hadi ukachoka wewe.

"Wa kuja ni yule aliyehama"

Si lazima. Mipaka ya maeneo bunge huchorwa upya kila baada ya sensa ya miaka 10. Februari 2022 jopo la majaji lilipotoa ramani mpya za Minnesota, wapo wabunge waliolala kwao na kuamka eneo bunge la mwenzao bila kuhamisha hata kijiko.

"Pesa za mwenyeji ni za wenyeji"

Kipeperushi kikifika kwenye sanduku lako la barua, kigeuze kabla hujasoma picha za watoto na bendera. Chini, kwa maandishi madogo, sheria inataka kiandikwe nani amekitayarisha na kukilipia. Mara nyingi si kamati ya mgombea bali kundi jingine, na wakati mwingine kundi hilo hilo limetuma karatasi ya namna moja katika maeneo bunge mengi, limebadilisha jina na sura tu. Mgombea aliyekulia mtaani kwako anaweza kunadiwa na fedha ambazo hazijawahi kufika mtaani kwako. Hesabu za kamati ziko wazi kwenye bodi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni, na kuzitazama ni bure.

"Tutaamua Novemba"

Katika maeneo bunge mengi ya mjini, chama kimoja hushinda kila mara, hivyo Novemba huwa ya kukamilisha tu. Ubishi wa mwenyeji na wa kuja huishia mapema zaidi: kwanza kwenye mikutano ya mitaa ya vyama, ambako wanachaguliwa wajumbe wa kumpitisha mgombea na ambako ukumbi mzima unaweza kuwa na watu wasiojaza basi la shule, kisha kwenye mchujo. Minnesota haikuandikishi kwa chama, kwa hiyo mpiga kura yeyote anaruhusiwa kuingia kwenye mchujo, ila achague wagombea wa chama kimoja tu. Mchujo wa 2026 ni tarehe 11 Agosti, na kura za mapema zinafunguliwa siku 46 kabla yake.