Picha na Wanakijiji Haimpandishi Mhadhiri Cheo

Kila msimu wa kupandishwa vyeo, lalamiko ni lile lile: "Nimekaa na wakulima miaka mitatu, mbona sikuhesabiwa?" Sisi wa kamati ya kupandisha vyeo tukifungua jalada tunakuta picha kumi na mbili za mhadhiri shambani, kavaa pama, pamoja na risiti za mafuta.

Tuelewane. Kuhudumia jamii si kupeleka sabuni kwa yatima wiki ya maadhimisho ya chuo. Hiyo ni sadaka, na Mungu atailipa. Kamati haina pa kuiandika.

Tazameni Morogoro. Shirika la APOPO, lililo ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi ambayo kliniki zimekwisha kuyapima. Panya akituliza pua juu ya sampuli kwa sekunde chache, maabara huihakiki, na mgonjwa aliyeambiwa hana kifua kikuu hutafutwa. Huo ni utafiti uliomfikia mwananchi, na kila hatua ina rekodi.

Utaratibu, kwa mara nyingine. Kibali cha utafiti kwanza. Ukigusa afya za watu, na kibali cha maadili. Barua inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inafika kwa mtendaji wa kata, ndipo kijijini. Ukirukia kijijini moja kwa moja ukarudishwa, usije kulia kwetu. Ukimaliza, rudisha matokeo kwenye mkutano wa kijiji, uchukue muhtasari wenye saini na muhuri. Muhuri! Namba za simu za wananchi usiziambatishe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu hata profesa. Barua ya kughushi inakwenda kamati ya nidhamu, na si lazima iishie hapo.

Nanyi wananchi mnaosema watafiti huchukua maelezo wakatokomea: kabla hamjajibu swali la kwanza, ulizeni mrejesho ni lini, na mtendaji aandike tarehe.

Nakiri makala za majarida bado zina uzito mkubwa, maana ni rahisi kuzihesabu. Suala hilo liko vikaoni, nisiseme zaidi. Ila msimu uliopita jalada moja lilipita bila ubishi. Ndani mlikuwa na kurasa mbili za mkono wa katibu wa kijiji, zikieleza wakulima walikubali nini na walikataa nini. Muhuri ulikuwa umepinda, lakini ulisomeka.