Karkidakam: uji wa mvua, hedhi, na vidonge vya kuogopa

Nimesomea Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, huko Kerala, kusini mwa India, na kinadada wakinitafuta ombi ni lilelile, "daktari nipe dawa ya kusafisha kizazi". Ngoja niwaeleze msimu mmoja tu, Karkidakam.

Ni mwezi wa Kimalayalam, katikati ya Julai mpaka katikati ya Agosti, mvua inapiga tangu Juni na nguo hazikauki. Vitabu vya Charaka, tabibu wa kale wa Ayurveda, vinagawa mwaka misimu sita, miezi miwili miwili, na wakati wa mvua vinasema moto wa tumbo, yaani nguvu ya kusaga chakula, unashuka afu vata, ile nguvu ya upepo na mwendo mwilini, inachafuka. Sasa kuna vata inayokaa chini ya kitovu, inaitwa apana, hiyo ndo inashusha choo, mkojo, hedhi hadi mtoto wakati wa kujifungua, kwahiyo ukisema hedhi inauma tabibu wa kule anaanza kukuuliza choo unapata? usiku unakula saa ngapi?

Na dawa yenyewe ni uji jamani! Karkidaka kanji: mchele mwekundu wa njavara, uwatu, jira, tui zito linaingia mwishoni moto ukiwa mdogo lisije likakatika. Unakunywa wa moto. Kuna na kukandwa mafuta ya ufuta ya vuguvugu kabla ya kuoga, ila siku za hedhi hakuna kukandwa wala kuharishwa, unapumzika basi. Huku kwetu usisubiri Julai, fuata masika yako.

Mirija ya uzazi iliyoziba uji hauzibui, nenda kapime. Na mjamzito uwatu uishie kwenye kiungo cha mchuzi, usinywe kwa vikombe.

Kinachonikera ni vidonge vya bhasma, yaani majivu ya madini, eti vinashikisha mimba. Mwaka 2011 na 2012 idara ya afya ya jiji la New York ilikuta wajawazito 6 wana sumu ya risasi (madini ya lead, siyo ya bunduki) kwenye damu, wote walitumia dawa za Ayurveda. Risasi inajificha kwenye mifupa miaka na miaka, ukishika mimba inatoka inapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto, na wewe unaweza usihisi kitu. Kopo likiandikwa bhasma au rasa (dawa za zebaki) na unatafuta mtoto, usimeze, na kama ushameza omba kipimo cha risasi kwenye damu, kopo nenda nalo hospitali.