Je, wajua kwa nini Yesu alisema uiache sadaka mbele ya madhabahu?

Katika Mathayo 5:23-24 kuna agizo ambalo husomwa karibu kila inapofundishwa ibada ya kweli: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Kwa nini lakini asiitoe kwanza, akamalizana na ndugu yake baadaye? Ameshafika, na sadaka anayo mkononi.

Kabla ya jibu, andiko lisomwe tena polepole, maana wengi hulikumbuka kinyume. Muulize Mkristo yeyote linasema nini, na mara nyingi atakujibu: usimtolee Mungu sadaka huku una kinyongo moyoni. Hata katika ibada hutumiwa hivyo. Watu huambiwa wafumbe macho, wajichunguze, wamwachilie kila aliyewakosea, kisha ibada iendelee. Fundisho hilo ni zuri na lina andiko lake, Marko 11:25: "Nanyi, kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu." Ila Mathayo 5 inazungumzia upande wa pili. Hapa mwenye neno ni ndugu, na mleta sadaka ndiye anayelalamikiwa. Huenda yeye hana kinyongo na mtu yeyote. Huenda ameimba kwa furaha, machozi yakamtoka, na moyo wake umetulia tuli. Hakuna anayemuuliza juu ya hayo. Anachotakiwa kukumbuka ni kama yupo mtu anayeumia kwa sababu yake.

Tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Kinyongo changu naweza kukimaliza nikiwa nimeketi, bila mtu kujua. Neno ambalo mwenzangu analo juu yangu siwezi kulimaliza bila yeye. Itanibidi niinuke, nimfuate, nimsikilize, na pengine nirudishe nilichochukua. Tena mimi si shahidi mzuri wa unyofu wangu mwenyewe, kwa kuwa hisia zangu hunitetea daima. Agizo hili linauchukua ushahidi kutoka kifuani mwangu na kuuweka kwa mtu niliyemkosea.

Wasikilizaji wa mahubiri yale walikuwa Galilaya, na hekalu lilikuwa Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100 kusini. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anaandika kwamba kwa kupitia Samaria safari hiyo ilichukua siku 3. Aliyeleta mnyama wa kuteketezwa alitakiwa kuweka mkono wake mwenyewe juu ya kichwa cha mnyama huyo (Walawi 1:4), hivyo akiondoka, shughuli inasimama. Mathayo hasemi ndugu yuko wapi, wala sadaka ni ya aina gani, kwa hiyo tusilazimishe hesabu. Lakini Mgalilaya aliyemwacha mlalamikaji kijijini angeelewa kwamba anaambiwa ageuke nyuma siku 3, kisha aianze safari upya.

Sababu ya mpangilio huo imo katika torati yenyewe. Walawi 6:1-7 inamtaja mtu aliyemdhulumu mwenzake, akamnyang'anya au akakana amana aliyowekewa. Kwanza anarudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na anampa mwenyewe, si kuhani. Ndipo analeta kondoo dume wa sadaka ya hatia. Sadaka haikuwekwa ichukue nafasi ya malipo.

Mfikirie baba mwenye wana wawili. Mkubwa amemnyang'anya mdogo shati, kisha anaingia kwa baba na zawadi aliyoichagua kwa upendo wa dhati. Baba haidharau zawadi hiyo, wala hasemi mwana huyu ni mnafiki. Tatizo ni kwamba kutoka chumba cha pili anasikia kilio, na anayelia ni mwanawe vilevile. Akiipokea zawadi na kunyamaza, atakuwa amemwambia mdogo kwamba kilio chake hakina baba. Kwa hiyo anamwambia mkubwa: iache hapa, nenda kwanza kwa mwenzako. Zawadi haikurudishwa, inamngoja palepale, na mwenye kuileta anangojwa pia. Ndiyo maana Yesu anamalizia kwa "kisha urudi".

Si kila lalamiko ni la haki, na wapo wanaokataa kupatana hata wakifuatwa. Paulo aliliweka kwa kiasi katika Warumi 12:18: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Na aliyedhulumiwa akiwa hayupo tena? Hesabu 5:8 inamtafutia jamaa wa kupokea malipo, na asipopatikana, malipo humwendea Bwana kupitia kuhani.

Kanisa la kwanza lilizichukua aya hizi mbili kama utaratibu wa kufuatwa. Didake, mwongozo wa Kikristo wa zamani sana, unasema wenye ugomvi wasijiunge na kusanyiko la Siku ya Bwana mpaka wapatane. Yustino Mfiadini, akiandika Roma karibu mwaka 155, anaeleza kwamba waumini walisalimiana kwa busu baada ya sala, kisha mkate na kikombe vikaletwa. Yaani amani kwanza, sadaka baadaye. Mwaka 416 Papa Innocent I alisisitiza kwamba busu hilo la amani litolewe baada ya sala kuu ya kuweka wakfu mkate na kikombe, na ndiyo maana katika Misa ya Kirumi waumini hupeana amani baada ya Baba Yetu, ilhali makanisa ya Mashariki yamebaki na mpangilio wa zamani.

Lakini utaratibu unaonivutia kuliko yote umo katika Didaskalia, maandiko ya Syria ya karne ya 3. Shemasi anasimama kanisani na kuuliza kwa sauti kuu kama kuna mtu mwenye neno juu ya mwenzake. Na maaskofu wanaagizwa wasikilize mashauri ya waumini siku ya Jumatatu. Sababu imetajwa wazi: asiyeridhika na uamuzi apate nafasi mpaka Jumamosi ya kulimaliza jambo, ili Jumapili wote wawili wafike wakiwa wamepatana.