Masufuria saba na kitana kimoja: makumbusho ya kijiji cha Waarmenia

Mtu aliyekulia Unguja au Mombasa akifika Vakıflı, kijiji cha Waarmenia nchini Uturuki, usiku wa kuamkia sikukuu yao ya Agosti, harufu itakayompokea si ngeni kwake. Ngano na nyama vinachemka pamoja juu ya moto wa kuni, watu wanapokezana miko mirefu kama makasia, na kazi haikomi hadi alfajiri, ngano na nyama viwe vimevurugana usijue kipi ni kipi. Kwetu hilo ni bokoboko. Waarmenia huliita harisa, na Omani na nchi za Ghuba husema harisi. Mwaka 2023 UNESCO iliorodhesha harisi ya Omani, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Cha kwao Vakıflı ni idadi. Masufuria ni saba, yakihesabiwa kwa vijiji vya Waarmenia vilivyokuwa kwenye miteremko ya Musa Dağ, yaani Mlima wa Musa. Wanaoyapika wanatoka kijiji kimoja, kwa kuwa ndicho kilichobaki.

Vakıflı iko wilaya ya Samandağ, mkoa wa Hatay, kusini kabisa mwa Uturuki, bahari ya Mediterania ikionekana kwa chini na mpaka wa Syria ukiwa si mbali. Wakazi wake wa kudumu hawafiki mia mbili. Wanalima machungwa, na akina mama wana ushirika wa kuuza jamu na vinywaji vya matunda ya kwao. Waarmenia wengi wa Uturuki leo wako Istanbul. Kijiji chao kilichosalia nchini humo ni hiki. Na ndani yake mna makumbusho madogo ya kijiji.

Ili kuelewa makumbusho hayo yanatunza nini, tuanze mwaka 1915. Mwishoni mwa Julai mwaka huo amri ya dola ya Osmani iliwafikia watu wa Musa Dağ: fungeni mizigo, mnahamishwa. Walikwisha kusikia yaliyowapata Waarmenia wa kwingine waliopelekwa jangwani. Wengi wakakataa, wakapanda mlimani na mifugo, watoto na bunduki chache, wakapigana na askari wiki baada ya wiki. Upande wa bahari walitundika mashuka mawili makubwa. Moja lilishonwa msalaba mwekundu, jingine liliandikwa kwa Kiingereza kwamba Wakristo wako taabuni, waokolewe. Mapema Septemba manowari ya Kifaransa iitwayo Guichen iliyaona. Watu zaidi ya 4,000 walishushwa hadi ufukweni, wakapakiwa melini na kupelekwa Port Said, Misri, ambako waliishi kwenye mahema kwa miaka minne.

Walirudi 1919, eneo likiwa mikononi mwa Ufaransa. Mwaka 1939 Hatay ikaingizwa Uturuki, na hapo ndipo jamii ilipogawanyika. Walio wengi waliondoka tena, safari hii kwenda bonde la Bekaa nchini Lebanon, wakajenga mji wa Anjar na kuipa mitaa yake majina ya vijiji walivyoviacha: Bitias, Yoghunoluk, Haji Habibli, Kheder Beg, Kabusiye. Upo hata mtaa wa Vakıf, maana baadhi ya watu wa Vakıflı nao walikwenda. Waliosalia ndio mababu wa hawa wanaopika leo.

Kisa hichohicho kina makumbusho mengine huko Armenia, katika kijiji cha Musaler, mkoa wa Armavir. Pale mwaka 1976 ulizinduliwa mnara mkubwa wa mawe mekundu, kama ngome, kazi ya msanifu Rafael Israyelyan, na ndani yake mna maonesho. Pale habari ni ya ushujaa, na inafaa iwe hivyo. Nchini Uturuki serikali hadi leo haikubali kuyaita mauaji ya Waarmenia ya 1915 kuwa ya kimbari, kwa hiyo kuandika kibandiko kuhusu mwaka huo ukiwa Hatay si sawa na kukiandika ukiwa Armavir. Lakini tofauti inayonivutia mimi, kama mtu wa makumbusho, iko kwingine: huku mlimani, vitu na wenyewe bado wako mahali pamoja.

Sisi tunacho Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa miaka ya 1960. Mgeni huzunguka kwenye nyumba za Wahehe, Wachaga, Wanyakyusa na wengine, zote zikiwa zimejengwa pale ili mtu azione kwa siku moja. Ni kazi nzuri. Ila anayelala ndani ya nyumba ya namna hiyo, kama yupo, yuko mkoani kwake. Vakıflı ni kinyume. Jina la chombo likikosewa kwenye kibandiko, kuna bibi wa nyumba ya pili atakayekuja kulisahihisha, tena kwa ukali.

Nikupe mfano wa kitana. Watu wa Musa Dağ walisifika kwa kuchonga vitana vya mbao, na Yoghunoluk hasa kulikuwa na mafundi wa kazi hiyo. Hata kambini Port Said waliendelea kuchonga na wanawake kudarizi, kazi zao zikauzwa. Ghalani kwetu nako kuna kitana cha mbao, kilifika kabla sijaajiriwa. Kwenye daftari la usajili kimeandikwa: “Kitana, mbao, kimoja.” Nani alikichonga, cha arusi au cha kila siku, mbao ya mti gani, kililetwa na nani: hakuna. Nimekishika mara nyingi na hakina la kuniambia. Kitana kama hicho kikiwa Vakıflı, wapo wanaoweza kukwambia babu yao alichonga vya aina ipi na meno aliyakata kwa msumeno gani.

Hariri nayo ni hivyo hivyo. Kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi, mchana na usiku, na chumba chenye maelfu ya viwavi hulia kama mvua ya rasharasha. Wakishajifunga vifukofuko, vifuko hivyo hutiwa maji ya moto ili uzi ulegee, kisha huvutwa. Kifuko kimoja kina uzi wa mamia ya mita. Kanisa la Vakıflı, lenye jina la Mama Mtakatifu wa Mungu, lilianza kama jengo la shughuli za hariri. Ukilijua hilo, kuta zake unaziangalia kwa jicho jingine.

Kinachopotea upesi kuliko vyote ni lugha. Wazee wa Musa Dağ wanasema lahaja wanayoiita Kistinik, jina ambalo kwetu ungeweza kulifasiri “Kikristo”. Muarmenia wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, akiisikiliza anaambulia maneno machache tu. Kuna maneno ya lahaja hiyo yanayofuata kazi: jina la kifaa cha kuvutia uzi, jina la hatua fulani ya kupika harisa. Kifaa kikiwekwa kwenye kabati la kioo bila neno lake, kimeingia nusu. Ndiyo maana mhifadhi wa kijiji huhitaji kinasa sauti kabla ya kuhitaji kabati. Ngoma zina nafuu kidogo, kwa kuwa zinachezwa kila mwaka pembeni ya masufuria, kwa ngoma iitwayo dhol na kwa zurna, ambayo ni jamaa wa karibu wa zumari letu la pwani.

Tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika kumi na saba alfajiri, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria. Antakya, mji mkuu wa Hatay, uliporomoka sehemu kubwa. Wiki mbili baadaye likaja jingine, na hilo kitovu chake kilikuwa Hatay penyewe. Vakıflı hakufa mtu, lakini nyumba nyingi zilipasuka na kanisa likaharibika.

Sisi tuliosomea uhifadhi hufundishwa nini cha kuokoa kwanza siku kama hiyo, na jibu la darasani si kitu chenye bei kubwa. Ni daftari la usajili, na siku hizi nakala za sauti na picha zake, ambazo zilipaswa kuwa zimeshawekwa mahali pengine mapema. Sufuria likipondeka linagongwa likanyooka. Bibi aliyekuwa akijua kila sufuria ni la kijiji gani hanyooshwi na mtu.

Kile kitana chetu bado kimo kwenye kisanduku chake. Mwezi uliopita nilifungua daftari nikaongeza chini ya mstari ule wa zamani neno pekee ninaloweza kulithibitisha: meno kumi na tisa, mawili yamevunjika.