Kabla ya kugusa mtandao kwenye Linux, jua kadi inasimamiwa na nani

Malalamiko ya watumiaji wa Debian yanafanana sana: waya umechomekwa, taa ya kadi inawaka, lakini NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, haiunganishi. Ukiandika `nmcli device status`, mbele ya enp3s0 (jina la kadi ya mtandao katika mfano huu) unakuta neno `unmanaged`, yaani haisimamiwi. Hapo wengi hukimbilia kusakinisha draiva upya, kazi ya bure kabisa, maana NetworkManager imeshaiona kadi hiyo ikaamua kutoigusa.

Anza na `ip link`. Ukiona NO-CARRIER, kagua waya na swichi, usifungue faili lolote. Ukiona LOWER_UP, waya ni mzima, sasa tafuta msimamizi.

Kwenye Debian fungua `/etc/network/interfaces`. Mara nyingi utakuta mistari iliyoachwa na kisakinishi: `allow-hotplug enp3s0`, na chini yake `iface enp3s0 inet dhcp`. Kadi iliyotajwa humo iko mikononi mwa ifupdown, zana nyingine ya kuwasha na kuzima kadi za mtandao. NetworkManager inajiweka kando kwa sababu faili lake, NetworkManager.conf, lina `managed=false` chini ya `[ifupdown]`.

Wapo wanaoshauri ubadilishe iwe `managed=true`. Mimi sikubaliani nao. Ifupdown itaendelea kuiwasha kadi ileile kila mashine inapowaka, nawe utabaki na wasimamizi wawili wanaogombania anwani moja ya IP. Chagua mmoja. Ukiwa umekaa mbele ya mashine yenyewe, endesha `sudo ifdown enp3s0` kwanza, ndipo uweke alama ya # mwanzoni mwa mistari ya kadi hiyo. Mpangilio huu una maana: ukishaifuta kadi kwenye faili, ifdown haitaitambua tena, na programu ya DHCP (inayoiombea kadi anwani ya IP) iliyoanzishwa awali itaendelea kufanya kazi chinichini. Mistari ya `lo`, kadi ya ndani ambayo mashine hutumia kuwasiliana na yenyewe, iache ilivyo. Malizia na `sudo systemctl restart NetworkManager`.

Ubuntu, tangu toleo la 17.10, hutumia netplan, zana inayosoma mipangilio ya mtandao na kuikabidhi kwa msimamizi. Kwenye seva, usipotaja kitu, kazi hupewa msimamizi mwingine, systemd-networkd, kwa hiyo kusakinisha NetworkManager peke yake hakubadilishi lolote. Ongeza `renderer: NetworkManager` kwenye faili la YAML lililomo `/etc/netplan`. Na kama umeingia kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, nakusihi utumie `sudo netplan try` badala ya `netplan apply`: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani inarudi yenyewe.