Kabla ya kununua pampu ya pawa, fungua kopo la oili

Haisi ya njia ya Mwanga–Ujiji iliingia karakanani kwetu chuoni ikilia kila dereva alipokata kona: mlio mwembamba unaopanda kadiri anavyokanyaga mafuta. Mwenye gari alikwishabadilisha pampu ya pawa stelingi, ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi, mara moja mwaka huo, na sasa alikuwa akitafuta pesa ya nyingine.

Nilifungua kopo la oili. Ilikuwa nyeusi, ina povu. Nikachovya kitambaa cheupe, nikakitandaza juani. Kikametameta chembe za chuma. Chembe zile zilitoka kwenye pampu ya kwanza. Fundi aliyefunga ya pili hakusafisha mabomba, kwa hiyo pampu mpya ilianza kazi kwa kunywa uchafu wa ile iliyokufa.

Pampu hizi huzungushwa na mkanda wa injini. Ndani mna vibapa vyembamba vinavyosuguana na ukuta wa pampu, na kinga yake ni utando wa oili tu. Oili ikipungua, hewa huingia, ikawa povu, na gari likaanza kulia. Ndiyo maana nawaomba wenye Haisi na Noah: mlio si hukumu ya pampu. Angalia kwanza kama mkanda umelegea. Kagua mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu, maana ukizeeka hunyonya hewa bila kuvujisha hata tone. Kisha chungulia ndani ya kopo, kwenye sakafu yake. Makopo mengi yana kichujio cha wavu, na kikiziba pampu hukosa oili hata kama kopo limejaa.

Oili yenyewe isome kwenye kifuniko au kitabu cha gari. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya Dexron II au III, ile nyekundu. Honda wana oili yao. Usiongeze oili ya breki hata kwa dharura! Huvimbisha sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje, na ukishaimwaga humo, hasara haiishii kwenye pampu, inafika hadi kwenye raki, ile mashine ya usukani inayogeuza magurudumu.

Dereva naye ana sehemu yake. Unapogeuza gari penye nafasi finyu, usishikilie usukani uliokatwa hadi mwisho kwa zaidi ya sekunde 5. Oili huzunguka palepale kwa presha kubwa na kuchemka. Rudisha usukani kidogo tu, pampu ipumue.

Ikilazimu kubadilisha, puli, gurudumu linalopitiwa na mkanda, itolewe kwa pula, kifaa cha kuivutia nje, isigongwe nyundo. Washa za kopa kwenye boliti ya bomba ziwe mpya. Inua magurudumu ya mbele, yakae juu ya stendi imara. Chomoa mpira wa kurudishia oili, uelekeze kwenye dumu, na mimina oili mpya huku mwenzako akizungusha usukani, injini ikiwa imezimwa, mpaka itoke safi. Rudisha mpira, jaza, kisha zungusha usukani taratibu kushoto na kulia kama mara 20 ukiongeza oili kila inaposhuka. Ndipo uwashe injini.

Haisi ile tuliisafisha hivyo, tukaosha pia wavu wa kopo. Baada ya lita 3 za oili mpya mlio ulikwisha, na pesa ya pampu ikabaki mfukoni mwa mwenye gari.